Kichwa Kilichotekwa Tabora

Kijijini, njia ya Matai
10 Mei 2025

Kwako Fundi Bundala, Tabora,

Salamu sizirefushi maana sikujui. Mimi ni Silvana, mke wa Zenon, mama yake Monika, yule aliyekupigia simu kutoka Mazwi mjini ukamwambia husikii, aandike barua. Nilicheka mpaka Monika akanikasirikia. Fundi wa gramafoni asiyesikia! Ni sawa na kinyozi kipofu. Lakini Monika anasema mafundi wa Sumbawanga wote aliowauliza wamemjibu kwamba gramafoni waliziona kwa babu zao, na wewe ndiye uliyebaki. Haya, aliyebaki ndiye anayechaguliwa.

Shule niliishia darasa la tatu. Ukikuta mistari imepinda, pinda na wewe.

Ndani ya kopo hili la majani ya chai, humo kwenye pamba, kuna kichwa cha gramafoni, kile kidude cha mwisho wa mkono kinachoshika sindano. Gramafoni yenyewe ni ya betri, zile kubwa, sita. Mume wangu aliibeba kutoka migodini Kitwe mwaka 1974, akavuka nayo mpaka pale Kasesya, imefungwa kwenye blanketi mgongoni, na santuri kumi na moja ndani ya gunia la unga. Watu walidhani amebeba mtoto. Nami nilikuwa msichana, nikatoka nje kumtazama huyo mtoto. Ndivyo nilivyoolewa.

Sasa kichwa kimechoka. Kinakwaruza, na mwimbaji anaimba kama mtu mwenye mafua. Ni uzee tu. Hakuna mtu aliyekifanya kitu chochote, nakuambia mapema usije ukaanza maswali.

Tarehe 12 Julai tunatimiza miaka hamsini ya ndoa. Padre Maximilian atatusomea misa, turudie ahadi, kisha watu waje nyumbani wale. Zenon ametangaza mbele ya ukoo kwamba atacheza wimbo mmoja, ule wa siku ya harusi, kwa santuri ileile na gramafoni ileile, na visipokuwepo atakaa kwenye kiti ale. Na Zenon akisema anakaa, anakaa. Mjukuu wangu Salome anasema wimbo kama huo atautafuta kwenye simu, alete na spika. Nimemwambia babu yake hakubeba simu kutoka Kitwe.

Kwa hiyo TENGENEZA. Usibadilishe. Nataka kichwa hikihiki kirudi, cheusi hivihivi, na alama yake ya pembeni hiyohiyo. Zenon anakijua kama anavyolijua jino lake.

Mimi Silvana


Tabora, nyuma ya stesheni
21 Mei 2025

Mama Silvana, shikamoo.

Kopo limefika salama, na chai iliyobaki chini nimeinywa.

Kuhusu masikio: la kulia limekufa, la kushoto linaaga. Santuri nazisikiliza kwa meno. Nauma njiti ya kiberiti, ncha ya pili naigusisha kwenye kichwa cha gramafoni, na muziki unaingia kwa njia ya taya. Kinyozi wako kipofu bado ananyoa.

Kichwa nimekitazama kwa lenzi. Sindano ikizeeka, Mama, huwa inakuwa butu. Hii yako imechongoka pande mbili kama patasi. Miaka thelathini na minane ya kazi hii sijaona uzee wa namna hiyo. Sindano ya hivi haisomi santuri, inailima. Tena juu ya kichwa kuna duara la nta, ukubwa wa sarafu hivi. Na kwa ndani kuna uji mweusi unaonata, ukiunusa unanukia alizeti. Mimi si polisi. Nauliza kwa sababu asiyeujua ugonjwa hatibu.

Ushauri wangu ni kubadilisha. Kile kipande cha ndani kinachogeuza mtikisiko kuwa sauti kimelegea. Nikitengeneza, nitabandika ncha mpya kwenye mwili uliochoka, nacho kitaimba wiki mbili, tena kwa sauti ndogo, na sikuhakikishii kwamba hizo wiki mbili zitaiangukia tarehe 12 Julai. Ninacho kichwa kipya kinachoingia kwenye mkono wa gramafoni yako. Kasoro yake moja: ni cheupe.

Nijibu upesi. Nitengeneze au nibadilishe?

Fundi Bundala


Kijijini
30 Mei 2025

Wewe Bundala,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nimesimama. Nani alikufundisha kunusanusa vitu vya mwanamke mzima? Mama yako angekuwa jirani yangu ningemwendea leo hii.

Sasa sikiliza, na ukimaliza kusoma choma.

Santuri zilikuwa zimefifia, zimepauka kama miguu ya mtoto asiyepakwa mafuta. Alizeti tunalima wenyewe, tunakamua wenyewe. Nikazipaka. Zote kumi na moja, mbele na nyuma. Ziling'aa! Zenon akaja akasema, "Mama Monika, wewe unajua kutunza," nami nikakaa kimya nikazila hizo sifa. Kiangazi kikaja na vumbi lake, vumbi likanata, sindano ikaanza kuteleza kama ng'ombe kwenye tope. Ndipo nikabandika medali ya Bikira Maria juu ya kichwa, kwa nta ya mshumaa. Nilitaka uzito, na nilitaka baraka. Kuteleza kukaisha. Kukwaruza kukaanza, nikaibandua medali, nimechelewa. Hiyo patasi unayoisema imetokana na medali, imebonyeza mno. Basi umejua. Mimi ndiye niliyekiua.

Zenon hajui. Baada ya Krismasi nilimwekea wimbo wetu, ukatoka umepasuka, nikauinua mkono upesi. Machozi yalimtoka, mawili, nimeyahesabu. Na Zenon si mtu wa machozi. Alipovunjika mguu alikuwa anawafokea waliombeba.

Ukinitumia kichwa cheupe atauliza cheusi kimekufa kwa nini. Mimi uongo wa mdomo siuwezi. Ninaouweza ni ule wa kukaa kimya. Kwa hiyo tengeneza, unanielewa? Hata kikiimba wimbo mmoja kinatosha. Akishacheza, kife.

Silvana


Kasesya
3 Juni 2025

Bwana Fundi, salaam.

Mimi ni Zenon, mume wa Silvana. Naandikia dukani kwa rafiki yangu Vitus hapa mpakani, nimeleta maharage. Mke wangu hajui kama nakuandikia. Anwani yako nimeiona kwenye bahasha aliyoificha ndani ya debe la ulezi. Barua yenyewe sikuisoma. Barua ya mtu ni ya mtu.

Aliniambia kichwa cha gramafoni amekipeleka kusafishwa. Basi ile sindano umeshaiona, na fundi wa kweli hadanganyiki, kwa hiyo bora niseme.

Babu yangu alikuwa mfua chuma. Alijenga malungu, yale matanuru marefu ya udongo, na majembe yake yamelima nchi hii kuanzia bondeni mpaka juu huku. Kwetu chuma kikikataa kazi hakitupwi, kinanolewa. Wiki ya Krismasi gramafoni ilikuwa inakwaruza. Silvana alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Nikachukua kinoo, kile kidogo cha kunolea wembe, nikainoa ile sindano, upande huu na upande huu, kwa mate. Ilikuwa kali, Fundi! Nilijisifu. Nikaiweka juu ya santuri, ukatoka uzi mweusi, mwembamba kama unywele, unajiviringisha. Wimbo mzima ukatoka kama maganda ya kiazi.

Namshukuru Mungu haikuwa santuri ya harusi. Ilikuwa nyingine. Nimeizika nyuma ya zizi, na kwenye ganda lake nimeweka boksi nililolikata mviringo, ili zibaki kumi na moja akizihesabu. Siku chache baadaye Silvana akaniwekea wimbo wetu. Niliposikia unavyopasuka, machozi yalinitoka, maana nilijua ni mkono wangu. Yeye akadhani nasikitikia wimbo.

Nakuomba usitengeneze. Badilisha. Weka kipya kabisa, hicho cha zamani kitupe mahali asipokiona, mwambie kimekufa kwa uzee. Yeye ana heshima na vitu vyangu kuliko mimi mwenyewe. Santuri zangu anazifuta mpaka zinang'aa. Akijua nimefanya hivyo hatasema neno, ataniangalia tu. Wewe hujaangaliwa na Silvana.

Zenon


Tabora
14 Juni 2025

Kwa Mzee Zenon na Mama Silvana. Isomwe na wote wawili, wamekaa.

Shikamooni.

Mmoja wenu ameniandikia nitengeneze. Mwingine ameniandikia nibadilishe. Ndiyo, wote mmeniandikia. Msitazamane bado, malizeni kusoma.

Wiki nzima nimekaa na amri mbili juu ya meza moja. Ningekuwa fundi tu, ningemtii aliyetangulia, nikanyamaza. Lakini mimi ni Mnyamwezi na ninyi ni Wafipa. Babu zangu na babu zenu walikwisha kupeana ruhusa ya kufanyiana ufedhuli, na mimi leo naitumia. Nimetazama mawingu kwanza. Mama, kama utanitumia radi, maana Wafipa mnasifika kwa hiyo, ipitishe Mpanda ili nipate nafasi ya kuingia uvunguni.

Kichwa cheusi nimekiteka. Kipo kwenye droo yangu na hakirudi. Ndani ya kifurushi hiki kilichoshonwa kwa uzi mwekundu mna kichwa kipya, cheupe. Kifundi jibu ni hilo na halina mjadala: kile cha zamani hakiwafikishi kwenye jubilei.

Sharti la mtani ni hili. Uzi haukatwi mpaka kila mmoja amwambie mwenzake kile alichoniambia mimi. Mkiukata kabla, nitapanda basi nije, nisimame katikati ya wali na nyama, niyaseme yote kwa sauti ya kiziwi, mpaka wa Laela wasikie. Na mnajua mtani hashitakiwi popote.

Nani kafanya nini, sisemi. Ila santuri yoyote ile hupenda kuogeshwa: maji ya uvuguvugu, tone la sabuni, kitambaa laini, kwa kuufuata mviringo wake. Karatasi ya katikati isilowe.

Mtani wenu,
Bundala


Kijijini
22 Juni 2025

Wewe mpagazi,

Ninyi kazi yenu tangu zamani ni kubeba mizigo ya watu. Nani alikuruhusu kuifungua?

Barua ilimfikia Zenon kwanza, kondakta wa basi akampa mkononi. Alinisomea kwa sauti mpaka pale pa "msitazamane bado," akaishusha barua. Tukatazamana. Akasema anakwenda kuangalia ng'ombe. Ng'ombe walikuwa wamelala pale pale mbele yetu.

Leo siku ya nne. Kifurushi kipo juu ya kabati. Akipita anakitazama, nikipita nakitazama, huo uzi wako umekuwa kama nyoka ndani ya nyumba. Jana mchana alifungua mdomo akaita, "Silvana." Nikasema, "Nini?" Akasema, "Maharage yameiva." Yalikuwa mabichi kama mawe.

Mimi nimejaribu kujizoeza. Leo asubuhi nimewaambia kuku. Wamesikiliza vizuri, lakini kuku hawakunioa.

Wiki tatu zimebaki. Watu wameshaalikwa, ulezi wa pombe umeshaloweshwa, na gramafoni ipo mezani kama mzee aliyeng'olewa meno. Sasa niambie: yeye alikuandikia nini? Nimemwuliza, anasema alikuuliza maswali ya kawaida. Mwanaume huyu hajauliza swali la kawaida tangu nimfahamu. Ukiniambia, nakutumia jogoo.

Silvana


Tabora
28 Juni 2025

Mama, shikamoo. Jogoo nampenda. Sisemi.

Bundala


Kijijini
15 Julai 2025

Mtani wangu Bundala,

Umeshinda, na ukome.

Barua yako ile ya mistari isiyotosha kufungia karanga ilipofika, nilikasirika, na mimi nikikasirika nafanya kazi. Nikatoa maharage kuyapepeta nyuma ya nyumba. Zenon akaja kukaa karibu, akawa anaokota mawe. Nikasema, macho kwenye ungo: "Zenon, santuri zako nilizipaka mafuta ya alizeti." Mkono wake ukaacha kuokota. Nikajua nimemmaliza. Nikaongeza upesi, kama mtu anayetoa mwiba: "Na juu ya kichwa nikabandika medali."

Nikasikia sauti kama pampu ya baiskeli. Nikainua macho. Anacheka! Amejishika mbavu, machozi yanamtoka, na sasa hayakuwa mawili.

"Mama Monika," akasema, "mimi niliinoa."

"Ulinoa nini?"

"Sindano. Kwa kinoo."

"Sindano ya gramafoni?"

"Kwa mate," akasema.

Fundi, nilimwangalia. Anasema hiyo ndiyo aliyokuwa akiiogopa tangu Krismasi, na kwamba haikuwa mbaya kama alivyodhani kwa sababu midomo yangu ilikuwa inatetemeka kwa kicheko. Uongo! Nilikasirika kweli. Miezi sita najiona mwuaji, nimeungama kwa Padre Maximilian mara mbili, kumbe mwuaji anakula ugali mbele yangu na kuomba mboga iongezwe! Tukagombana mpaka jua likapinda nani ana kosa kubwa. Yeye anasema mafuta yalitangulia. Mimi nasema mafuta yanaoshwa, je, santuri iliyolimwa na sindano yako unaweza kuirudishia nyama yake? Hapo ndipo akanipeleka nyuma ya zizi akanionyesha kaburi. Nilimpa jembe afukue. Ilitoka imechorwa kama shamba la matuta. Tumeitundika ukutani chini ya picha ya Moyo Mtakatifu, kila anayeingia aulize.

Uzi tuliukata pamoja. Kichwa chako cheupe ni kibaya, gramafoni imekuwa kama mzee aliyewekewa jino la bandia, lakini kinaimba, hilo sikunyimi. Santuri tuliziosha kwenye beseni kama watoto mapacha, yeye anashika, mimi nafuta. Maji yalitoka meusi, ningeweza kuyakaangia mayai.

Kwenye misa Padre akatuuliza mbele ya watu siri ya miaka hamsini ni nini. Nikamkanyaga Zenon, ule mguu mzima. Akasema hata hivyo. Yote! Alizeti, medali, kinoo, mate. Wanakwaya wa sauti ya kwanza walishindwa kuendelea, wimbo wa matoleo ukaimbwa na besi peke yao. Padre alifuta miwani yake mara tatu, kisha akaninong'oneza kwamba sasa anaelewa kwa nini nilikuwa naungama dhambi ya mafuta ya kula wakati si Kwaresima.

Nyumbani watu walipomaliza kula, Zenon akasimama. Fimbo akampa Monika. Mimi mwenyewe niliuweka mkono wa gramafoni juu ya santuri. Wimbo ukaanza. Tukapiga hatua mbili, tukasimama wote wawili kama tumeitwa. Nyuma ya yule mwimbaji kuna mwanamke anaitikia, chinichini, kwa sauti tamu, na sisi hatukuwa tumemsikia tangu sijui mwaka gani. Tulikuwa tumemsahau kabisa. Zenon akaniinamia, akaniuliza, "Huyu nani?"

Nikamwambia, "Ni mimi. Cheza."

Akacheza. Akacheza mpaka mwisho, akataka urudiwe, ukarudiwa, akataka tena. Wazee waliokuja kula wakaacha sahani. Mguu wake umevimba, namkanda kwa maji ya moto tangu juzi, na kila nikimkanda anauimba ule uitikiaji, vibaya.

Jogoo wako amepanda basi leo, kondakta amesaini. Kichwa cheusi kaa nacho, ni mateka wako. Na ukitaka kuja kuudai utani wako mwenyewe, njoo baada ya mavuno ya alizeti. Nitakupa chumba, nami nitakusemesha kwa kupiga kelele, si unajua sauti yangu haihitaji simu.

Lakini umetuletea ugonjwa, na lazima uujue. Tangu siku ya ungo tumeshikwa na tabia ya kuambiana. Jumapili ameniambia kwamba baiskeli iliyoibwa mwaka 1988 haikuibwa. Aliibadilisha kwa katoni za betri. Jana nami nikamwambia koti lake la harusi halikuliwa na panya. Nililikata nikawashonea watoto kaptula, na alizisifu. Leo tangu asubuhi amekaa nje, anacheka peke yake, anasema kuna kubwa zaidi, nikimaliza kuandika niende.

Niishie hapa. Ananiita, na mimi bado sijamwambia habari ya mbuzi wa mama yake.

Mtani wako,
Silvana